Dekha na Darasa la Ubatizo

Dada yangu Raeli tulimzika mwezi uliopita, kwenye shamba alilokuwa akililima tangu aliporudi kutoka Garissa, na nilimshukuru Mungu kwa maisha yake marefu. Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula chini ya turubai, mwanamke mmoja mzee sana aliletwa na mjukuu wake akakalishwa karibu nami. Sikumtambua mpaka aliponiita Mwalimu. Huku kwetu hakuna anayeniita hivyo tena. Mimi ni Susu, yaani bibi, kwa kila mtu, hata kwa mchungaji. Alikuwa Mama Kyalo, mke wa sajini, jirani yetu wa Garissa. Tulizungumza habari za Raeli, na za magoti yetu, na za meno ambayo hatuna. Kisha, bila mimi kumuuliza chochote, akiwa anaichambua nyama kwenye sahani yake, akasema, "Lakini Mwalimu, sisi tulikuwa tunaomba tu." Nilijua mara moja anasema habari gani. Nilimshika mkono nikamwambia ndiyo, tulikuwa tunaomba. Vijana wa kanisa letu huja kwangu mara kwa mara kuniuliza maana ya ubatizo, kwa sababu wanaambiwa mimi nimesoma Neno kwa miaka mingi, nami huwapa majibu mazuri. Yote ni ya kweli. Lakini kuna mwaka mmoja ambao sijawahi kuwasimulia, na tangu siku ile ya mazishi naona kwamba majibu yangu bila mwaka huo yamepungukiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka chuo cha Biblia na cheti nilichokitundika ukutani kabla hata ya kutafuta mahali pa kutundika nguo zangu. Raeli alikuwa amejifungua, na mumewe, karani wa serikali, alikuwa amehamishiwa Garissa, kwa hiyo nikaitwa nikasaidie kulea mtoto. Ilikuwa mwaka wa pili wa vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliopigana na serikali porini. Nilisafiri kwa msafara wa malori, askari mbele na askari nyuma, nikafika nimejaa vumbi hata Raeli akacheka kabla ya kunikumbatia. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, ya mawe na mabati, na mchana mabati hayo yalilia kwa joto kama kitu kinachokaangwa. Tulimwaga maji sakafuni tukalala juu ya saruji, mimi, Raeli na mtoto, mpaka jua lipungue. Malori yakifika tulipata kabichi na viazi vyenye harufu ya dizeli. Malori yakikwama tulikula maharagwe, nyama ya mbuzi na maziwa, na Raeli alikuwa na mfuko wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, aliokuja nao kutoka nyumbani, akiupika Jumapili tu, taratibu, mpaka majirani wa kutoka kwetu waje wenyewe kwa kufuata harufu, wakidai wamepita tu kusalimia.

Jioni shemeji alirudi kutoka ofisini, akafungua redio kwa sauti, kisha akazungumza na wageni wake chini ya sauti ya redio. Nilikuwa nyuma ya pazia nikipanga vyombo, na nilisikia. Nilisikia lori gani limeshambuliwa, na watu wa kijiji gani wamehamishwa pamoja na mifugo yao wakawekwa karibu na kambi ili waonekane. Neno shifta walilitumia kama jina la kabila. Mtu akiwa mrefu, amevaa kikoi, amesimama mbali na barabara, huyo alikuwa shifta mpaka athibitishe vinginevyo. Sikuwahi kuuliza swali. Niliona hayo ni mambo ya dunia, nami nilikuja kwa ajili ya mambo ya Mungu.

Kanisa letu halikuwa na jengo. Jumapili tulikutana katika darasa la shule, watumishi wa serikali na askari na wake zao, watu wa bara karibu sote, na mchungaji alikuja kutoka mbali mara chache kwa mwaka, malori yakiruhusu. Wazee walipokiona cheti changu walinipa darasa la ubatizo. Nilikuwa na wanafunzi wanne: Mama Kyalo, wake wawili wa makonstebo, na karani wa posta aliyekuwa mkimya hata tukisahau kumuuliza maswali. Tulikutana asubuhi mbili kwa wiki katika sebule ya Raeli, kabla joto halijapanda. Nilisimama kando ya meza, Biblia mkononi, nikawafundisha kwamba maji hayamwokoi mtu, imani ndiyo inayookoa, na maji ni ushuhuda. Kwamba anayezamishwa anazikwa pamoja na Kristo na anayeinuliwa anafufuka pamoja naye. Nilijua kila andiko liko ukurasa gani.

Dekha alikuwa muuza maziwa. Alikuja kila asubuhi na chombo chake kirefu cha kusukwa, kilichofukizwa kwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike, akapiga hodi kwenye wavu wa baraza na kusema salaam aleikum hata kwa watu aliojua hawataijibu. Maziwa ya ngamia yale yalinuka moshi. Mwanzoni Raeli aliyakunjia uso. Baada ya miezi miwili alisema chai isiyonuka moshi si chai. Dekha alikuwa na miaka thelathini hivi, mjane, mwembamba, mwenye jicho la kuchekesha. Alisubiri barazani mpaka tumimine maziwa kwenye sufuria na kumrudishia chombo, na siku za darasa alisubiri zaidi ya ilivyohitajika. Mara ya kwanza aliposema neno kutoka kule barazani sote tulishtuka. Nilikuwa nikieleza kwamba mtu hubatizwa mara moja tu katika maisha yake.

"Mara moja tu?" aliuliza. "Sisi tunaosha mara tano kila siku. Nyinyi ni wasafi sana, ama?"

Karani wa posta alicheka, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulisikia. Mama Kyalo akamjibu kwamba kunawa ni ngozi na ubatizo ni moyo, na Dekha akakubali kwa kichwa, akasema basi moyo wa watu wa bara ni mzuri, hauchafuki tena. Raeli alimwita jikoni kwa kisingizio cha chombo, lakini nilimsikia naye akicheka.

Tangu siku hiyo aliingia ndani. Sikumkaribisha, wala sikumfukuza. Alikaa sakafuni karibu na mlango, akiniita abaayo, yaani dada, ijapokuwa nilikuwa mdogo kwake, na alikuwa na namna ya kusikiliza hadithi iliyonifanya nizisimulie vizuri zaidi. Aliyempenda kuliko wote alikuwa yule towashi wa Kushi aliyekutana na Filipo barabarani. Alisema huyo ni mtu wa upande wao, wa Habash, hakuna haja ya kumweleza. Na mtu anayesafiri barabara ya jangwa kisha akaona maji mbele yake, huyo tayari Mungu anampenda. Alinitaka nirudie mahali ambapo towashi anauliza ni kitu gani kinamzuia asibatizwe. Nikarudia.

"Na kitu gani ilimzuia?"

"Hakuna," nilisema.

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

Akawatazama wale wanne, waliokuwa wamekaa kwenye viti vya Raeli tangu mwezi wa mvua. "Na hawa? Wao wana kosa gani?"

Nilieleza kwamba Filipo alitumwa na Roho, na mimi nimetumwa na kamati ya wazee, na kamati inataka mtu afundishwe kwanza. Walicheka tena, na mimi nikacheka, lakini jioni hiyo nilikaa muda mrefu na kifungu kile, kwa sababu kilikuwa kinasema alichosema yeye.

Siku moja aliniuliza faraghani kama mtu kama yeye anaweza kuingia majini. Nilimwambia malango yako wazi kwa kila mtu. Nilisema hivyo haraka, kwa furaha, nikijiona nimeshaandika barua kwa walimu wangu wa chuo. Raeli, nilipomwambia, aliacha kukoroga sufuria. Alisema niangalie sana ninachofanya. Yule mwanamke ana ndugu na majirani, na sisi mwaka mmoja au miwili tutapakia vitu kwenye lori tuondoke, yeye atabaki hapa hapa. Nikamjibu kwa andiko. Dada yangu alikuwa mtu wa maneno machache, naye akarudia kukoroga, kwa hiyo nilidhani nimeshinda.

Kisha tukafika kwa Rahabu. Niliwafundisha jinsi alivyowaficha wapelelezi juu ya dari, chini ya mabua ya kitani, na askari wa mfalme walipokuja kuwaulizia akasema wamekwisha kwenda zao. Mke wa konstebo mmoja aliuliza inakuwaje Biblia imsifu mwongo. Nilikuwa na jibu tayari, kama nilivyofundishwa: Mungu aliisifu imani yake, uongo hakuusifu. Dekha hakusema kitu siku hiyo, na hilo pekee lingetosha kunifungua macho. Wenzake walipoondoka alibaki, akakaa jikoni juu ya kigoda, akimpepea mtoto wa Raeli kwa ncha ya shuka yake.

Alizungumza bila kuniangalia. Alisema ana mdogo wake, Yusuf, mama yao mmoja. Yusuf alikwenda porini na wale watu. Hakusema alichukuliwa wala hakusema alipenda, alisema alikwenda. Mara nyingine alfajiri huja nyumbani kwake akiwa na njaa, anampa maziwa, anaondoka. Askari walikuja wakamuuliza, naye akasema hajamwona tangu mvua ya mwaka jana. Sasa anataka kujua. "Uongo wa huyo Rahabu na uongo yangu, ni moja? Ama yeye alificha watu wazuri na mimi nimeficha mtu mbaya?" Akaendelea kumpepea mtoto. "Na kama ni dhambi, abaayo, naingia na hiyo kwa maji?"

Nimelijibu swali hilo mara nyingi tangu wakati huo, nikiwa peke yangu, na kila mara kwa namna nyingine. Siku ile nilijibu kwa namna niliyofundishwa. Katika ushirika wetu tuliamini kutembea nuruni: dhambi iliyofichwa hukua, iliyotajwa mbele ya ndugu hufa. Nilikuwa nimewaona watu wazima wakisimama mbele ya kusanyiko wakitaja wizi na uzinzi, wakilia, kisha wakikaa wakiwa wepesi, na nilikuwa sijawahi kuona jambo zuri kuliko hilo. Nikamwambia anayekuja majini huja na kila kitu nuruni. Akaniuliza kama kuniambia mimi si nuru ya kutosha. Nikasema nitamwombea.

Na nilimwombea. Akina mama walikutana Jumatano alasiri kwa Mama Kyalo, kwenye nyumba za polisi, kwa chai na maombi. Kila mmoja alitoa haja yake: mume anayekunywa, mtoto mwenye surua, uhamisho unaochelewa. Ilipofika zamu yangu nilisema tumkumbuke dada yetu anayetuletea maziwa. Nilisema moyo wake unavutwa kwa Bwana lakini umefungwa na jambo moja, kwamba ana ndugu aliye porini anayekuja kwake alfajiri kula, naye anamficha. Tumwombee apate nguvu ya kusema kweli. Wote wakasema amina. Mama Kyalo ndiye aliyeongoza ombi lenyewe, machozi yakimtoka. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nalikumbuka hilo kuliko yote: jinsi nilivyotembea ile njia ya mchanga, wale ndege wakubwa wenye vipara wamesimama juu ya taka kama wazee wa baraza, nikiimba.

Ninyi mnaosoma mnajua mume wa Mama Kyalo alikuwa nani. Mimi pia nilijua. Nilikuwa nimenywa chai kwenye kikombe chake, kofia yake imetundikwa msumarini juu ya kichwa changu. Sitaki kusema kwamba sikujua. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikuwa nimezigawa nyumba mbili kichwani mwangu, moja ya maombi na moja ya vita, na sikuwahi kufikiri kwamba zina ukuta mmoja.

Mama Kyalo alimwambia mumewe kwa nia njema; aliniambia hivyo wakati ule na ameniambia tena siku ya mazishi. Alidhani watamwita kijana, watazungumza naye, atasalimisha bunduki yake, kwa sababu ilisemwa redioni kwamba wanaosalimisha watasamehewa. Habari nilizipata mezani. Tulikuwa tunakula ugali na nyama, shemeji ana rafiki yake wa ofisini, na rafiki huyo alikuwa akisimulia kwa sauti ya kawaida, bila redio, kwa kuwa ilikuwa habari njema. Walimvizia karibu na nyumba ya dada yake. Alipotoka wakamwambia asimame, akakimbia, wakampiga risasi akafa. Hakuwa na bunduki, alikuwa na kibuyu cha maziwa. Rafiki wa shemeji alisema wale watu ni wajanja, huacha bunduki mbali. Kisha akaomba aongezewe mchuzi. Raeli alimwongezea. Alipopita nyuma ya kiti changu aliweka mkono begani mwangu akauacha hapo kidogo, na kwa mkono huo nikajua kwamba ameelewa yote, na kwamba hatanilaumu kamwe. Sijui kama lawama isingekuwa afadhali.

Dekha walimchukua siku hiyo hiyo kwa kosa la kumficha adui, na ngamia wake wakachukuliwa pia. Nilimwomba shemeji amsemee. Alikuwa mtu mwema na alikuwa anaogopa. Aliniambia nikimsemea mimi nitaulizwa nilijuaje, na yeye ataulizwa anaishi na nani. Maziwa yaliletwa na mwanamke mwingine, mzee, ambaye hakuvuka baraza wala kutoa salamu. Darasa liliendelea. Nilifundisha ufufuo. Mama Kyalo alikaa kwenye kiti kile kile, akiandika, na wala mimi wala yeye hatukutaja jambo hilo, ingawa sisi ndio tuliokuwa tumefundishwa kutaja kila kitu.

Dekha alirudi baada ya wiki kadhaa. Nilisikia hodi kwenye wavu nikaijua. Alikuwa amepungua, na alipoinua chombo kumimina maziwa niliona anatumia mkono mmoja. Maziwa hayakuwa yake tena. Aliyauza kwa niaba ya mtu mwingine. Nilianza kusema samahani, nikaanza tena, na yeye akasubiri kwa uvumilivu kama alivyokuwa akisubiri nikitafuta ukurasa.

"Mimi niliambia wewe," akasema. "Wewe ukaambia Mungu, hiyo ni sawa. Lakini kwa nini kwa sauti? Yeye si kiziwi."

Hakulisema kwa hasira. Kisha akauliza kuhusu yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Isa, kama alikuwa shifta. Nikasema vitabu vingine vinaeleza kwamba watu kama hao walikuwa ni wanaopigana na serikali. Akauliza alibatizwa lini. Nikasema hakubatizwa, muda haukuwepo. Akauliza Isa alimwambia nini, nikamwambia alimwahidi kwamba siku ile ile watakuwa pamoja peponi. Alilifikiria hilo akiwa ameshika mfuniko. Akaniuliza kama nina hakika, ama kamati inasema vingine. Nikamwambia nina hakika. Akafunika chombo chake akaenda, na sijawahi kueleza kifungu kingine chochote maishani mwangu nikiwa na msikilizaji aliyekihitaji kiasi hicho.

Mchungaji alikuja na malori ya mwezi uliofuata. Aliwauliza wanafunzi wangu maswali katika darasa la shule, wote wanne wakajibu vizuri, na Jumapili tukateremka mtoni. Mto Tana ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Kwa ajili ya vita hakuna aliyeruhusiwa kufika ukingoni kwa makundi bila ulinzi, kwa hiyo tulikuwa na askari wenye bunduki, sajini mwenyewe akiwaongoza, na wawili wao wakayapiga maji kwa fito kufukuza mamba mpaka mchungaji akasema ikiwa bado kuna mamba hapo basi ni Mkristo. Watu walicheka. Tuliimba. Kazi yangu ilikuwa kusimama ukingoni nikiwa na shuka kavu, nimfunike kila anayetoka. Mke wa konstebo wa kwanza, wa pili, karani wa posta aliyemeza maji akakohoa, kisha Mama Kyalo, ambaye alipoinuliwa alilia kwa sauti na hakuweza kunyamaza. Nilimfunika. Nilihisi anavyotetemeka chini ya shuka, nikajua analilia nini, nikamfuta uso.

Hapo ndipo nilipomwona Dekha. Alikuwa amesimama kwenye miti ya mikoma, pale askari walipowazuia wanawake waliokuja kuchota maji. Wenzake walikuwa na madebe yao na punda wao, wakinung'unika kwamba tunawachelewesha. Yeye mikono yake ilikuwa mitupu. Alikuwa amevaa nguo safi, nyeupe. Alikuwa ananiangalia mimi, wala si mchungaji.

Mchungaji alikuwa bado majini, maji yakimfika kiunoni, amekunja mikono ya shati. Alifuta macho akanigeukia kwa kuwa lilikuwa darasa langu. Akauliza, kama ilivyo desturi, "Kuna mwingine, Mwalimu?"

Nimeieleza Biblia kwa miaka karibu sitini na nimejifunza kwamba kila andiko lina mahali ambapo mwenye kusoma anataka liseme jambo moja nalo linasema jingine. Nimejaribu kuisoma dakika ile kwa kila namna. Nimesema nilikuwa namlinda: kwamba mbele ya wanawake wale na madebe yao, baada ya yote yaliyompata, kumwita kungemwachia maisha magumu zaidi, na dada yangu alikuwa amenionya. Hilo ni kweli. Nimesema pia kwamba pengine hakuja kwa ajili ya maji, alikuja kutazama, au alikuja kwa ajili ya nduguye, kuona hao waliomwombea wanafanya nini wakiwa na furaha. Na mtu anaweza kuvaa nguo nyeupe bila sababu. Na hilo labda ni kweli. Lakini najua pia kwamba sajini alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, na Mama Kyalo alikuwa mikononi mwangu, na kwamba kama Dekha angeteremka pale ningelazimika kumfunika shuka hiyo hiyo mbele ya watu wote, nikiwa karibu na uso wake. Sikuweza. Hakukuwa na andiko lililonizuia wala kamati.

Nilisema, "Hakuna, Mchungaji."

Akatoka majini. Tukaimba wimbo wa mwisho, askari wakawaachia wanawake wateremke kuchota, wakapita katikati yetu na punda wao. Dekha hakuwa miongoni mwao. Nyumbani Raeli alikuwa amepika muthokoi wote uliobaki, na mchungaji alisifu chakula na akasifu darasa langu. Alisema kuna wachache wa umri wangu wanaofundisha kwa usahihi namna ile.

Asubuhi iliyofuata Dekha alipiga hodi kwenye wavu kama kawaida. Nilitoka na sufuria. Alimimina maziwa kwa ule mkono mmoja, taratibu, bila kumwaga hata tone, na harufu ya moshi ikapanda kati yetu. Nilijua nikiinua macho atasema jambo, nikainua.

"Maji ilikuwa baridi?" akauliza.

"Sijui," nikasema. "Mimi nilikuwa ukingoni."

"Hata mimi," akasema Dekha, akachukua chombo chake akaenda nyumba ya pili.